Yumo, Hayumo: Juu ya Rasimu ya Istilahi za Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Tumeletewa rasimu ya faharasa ya maneno yatumikayo katika futiboli ya Kimarekani, hasa ile ichezwayo na vyuo vikuu, ili tuisome na kutoa maoni kabla haijaanza kutumiwa. Walioitunga ni wafasiri wa Kiswahili ambao wameomba wasitajwe kwa kuwa kazi yao bado haijakomaa, nasi tunaliheshimu ombi hilo. Tunasema tangu mwanzo kwamba kazi hii ni ya bidii, na kwamba makosa tutakayoyaonyesha ni ya aina ambayo kila mmoja wetu amepata kuyafanya. Lakini baadhi ya makosa hayo yanaweza kumdhuru mtu, na ndiyo sababu tumeona tuyaandikie kurasa hizi badala ya kuyarudisha kimya kimya kwa wino mwekundu pembezoni.

Huenda msomaji wetu wa Dodoma au Tanga akauliza mchezo huo unamhusu nini. Swali ni la haki. Katika mwaka wa fedha wa 2016 peke yake Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, idadi iliyozidi ile ya nchi nyingine yoyote mwaka huo, na Kiswahili ni lugha ya wengi miongoni mwao. Watoto wa familia hizo husoma katika shule ambako mchezo huu ni jambo kubwa, na wengine huucheza. Mzazi hupewa karatasi ya kutia sahihi, husikia jina la mwanawe likitajwa, humgeukia mkalimani na kumwuliza, "Wamesema nini juu ya mtoto wangu?" Jibu atakalopewa litategemea maneno yaliyomo katika faharasa kama hii.

Kwa ajili ya wasioujua mchezo, tueleze kwa ufupi. Hucheza watu kumi na mmoja kila upande, na ufanano wake na kandanda yetu karibu unaishia hapo. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kuusogeza mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nne nyingine. Mpira hubebwa mikononi au hurushwa. Nyuma ya mstari wa mbele wa timu yenye mpira husimama kijana mmoja, wakati mwingine wawili, ambaye kazi yake kubwa ni kukabidhiwa mpira na kukimbia nao akipenya ukuta wa watu wazito waliojipanga kumwangusha. Akiangushwa huinuka, na baada ya muda mfupi huanza upya. Katika mchezo mmoja anaweza kuubeba mpira mara ishirini au thelathini, na karibu kila mara mwisho wake ni kuangushwa. Magoti, mabega na vifundo vya miguu ndivyo vinavyolipa gharama. Kwa sababu hiyo hakuna kocha anayethubutu kuanza msimu akiwa na mmoja tu wa kazi hiyo. Huweka watatu, wanne, hata watano, na mashabiki hushinda wakihesabu nani mzima, nani amesimamishwa, na nani atashika zamu ikiwa wa kwanza hatacheza. Maneno ya hesabu hiyo ndiyo tunayoyashughulikia hapa.

Rasimu inamwita kijana huyo "beki mkimbiaji". Jina lake la Kiingereza lina sehemu mbili, moja ya kukimbia na nyingine ya nyuma, na hiyo ya pili ndiyo ile ile tuliyoitohoa zamani tukapata "beki". Taabu ni kwamba beki wetu ni mlinzi. Yeyote aliyewahi kukaa karibu na redio siku ya mechi anamjua: ni yule anayesimama mbele ya mlinda mlango na kuondosha hatari. Ukimwambia msikilizaji kwamba beki mkimbiaji ameingia na mpira mwisho wa uwanja na kupata alama sita, ataelewa kwamba mlinzi ameacha nafasi yake akapanda kushambulia, na atangoja kusikia kocha akimkaripia. Kumbe huyo ndiye mshambuliaji hasa. Neno moja la kale, lenye maana ya kusimama nyuma ya wenzako, lilikwenda upande wa ulinzi katika kandanda, na katika futiboli ya Kimarekani likabaki pia upande wa mashambulizi. Sisi tulilipokea kwa mlango wa kandanda. Hatuwezi kulipokea tena kwa mlango mwingine tukitaraji wasomaji wasahau lile la kwanza.

Pendekezo la pili la rasimu, "mkimbiaji wa nyuma", ni baya zaidi, kwani kwetu mkimbiaji wa nyuma ni aliyeachwa na wenzake mbioni. Pembeni mwa ukurasa mtu aliandika "mkimbizi?" kisha akalikata. Alifanya vyema kulikata, tukikumbuka ni nani watakaosoma.

Sisi tunapendekeza "mkimbiza mpira". Hatukulibuni kutoka hewani. Kila mwaka nchini Tanzania Mwenge wa Uhuru huzungushwa mikoani, na wale waendao nao huitwa wakimbiza Mwenge. Hakuna asikiaye jina hilo akadhani kwamba Mwenge unatoroka na vijana wanaufukuza. Mkimbiza Mwenge ni mtu aendaye mbio akiwa ameshika kitu alichokabidhiwa, ambacho hatakiwi kukiangusha, na ambacho atamkabidhi mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya kijana wetu huyu, hata kosa lake kubwa kuliko yote ni lile lile, kuangusha alichokabidhiwa. Kuna mjumbe aliyepinga akisema kwamba mchezaji huyo pia huwazuia adui na kudaka mpira uliorushwa, kwa hiyo jina halimtoshi. Tunamjibu kwamba mlinda mlango naye hupiga mpira kwa mguu, na jina lake halijalalamikiwa.

Baada ya jina la mtu linakuja jina la wingi wake. Waingereza na Wamarekani husema timu ina kina, yaani nyuma ya wa kwanza yupo wa pili aliye mzuri, na nyuma ya huyo yupo wa tatu. Rasimu imefasiri neno kwa neno: "kina cha wakimbiaji" na "chati ya kina". Katika Kiswahili kina ni cha maji, cha kisima na cha shimo. Vilevile ni cha shairi, na mwalimu wa fasihi akisoma "chati ya kina" atatafuta mizani karibu yake. Tena tuna "kina" ya watu, kama kina Juma na kina Asha, ambayo ikikutana na majina ya wachezaji itazaa sentensi za kuchekesha. Neno tunalolihitaji tunalo tayari, nalo ni "akiba". Wachezaji wa akiba wanajulikana na kila mtu. Tunachopaswa kufanya ni kulipanua kidogo: timu ina akiba kubwa ya wakimbiza mpira, au akiba yake imekwisha. Na ile karatasi ya makocha, ambayo kwa kila nafasi huandika wa kwanza, wa pili na wa tatu, iitwe "orodha ya zamu".

Ipo tahadhari moja, nayo rasimu haikuitaja. Katika kandanda mchezaji wa akiba hukaa benchi, akiingia anayetoka hatarudi. Katika futiboli ya Kimarekani, tangu kanuni zilipolegezwa katikati ya miaka ya 1960, watu huingia na kutoka bila hesabu, kwa hiyo wa pili katika orodha anaweza kucheza kila Jumamosi. Wala akiba si dalili ya uduni. Barry Sanders wa Oklahoma State alikuwa nyuma ya Thurman Thomas katika misimu ya 1986 na 1987. Msimu wa 1988, zamu ilipofika kwake, alikimbiza mpira yadi 2,628 katika michezo 11 akapata tuzo ya Heisman. Mfasiri akiandika kwamba fulani ni "wa akiba tu", hilo "tu" amelitia yeye.

Makocha wengine huwagawia kazi watu wawili au watatu sawasawa, na Kiingereza husema kazi imefanywa na kamati. Rasimu nayo ikasema "kukimbia kwa kamati". Wanaofuatilia mpira wa Dar es Salaam wanajua "kamati ya ufundi" ya klabu husemwa ina shughuli gani usiku wa kuamkia mechi, na hatudhani waandishi wa rasimu walitaka kuufikisha uvumi huo Marekani. Ni kupokezana, neno linatosha.

Sasa tufike palipotufanya tuandike. Sehemu ya nne ya rasimu ina kichwa kisemacho "Orodha ya Majeruhi". Chini yake yamepangwa maneno ya kueleza kama mchezaji atacheza au hatacheza. Tunadai kwamba kichwa hicho ni kosa la dhana, na kwamba kosa hilo lina historia inayopaswa kujulikana na mfasiri.

Ligi ya wachezaji wa kulipwa, NFL, kwa miaka mingi imetoa taarifa ya walioumia, yenye kutaja hata mahali palipoumia: goti, bega, paja. Huko neno "majeruhi" lingeweza kuvumilika. Vyuo vikuu havikuwa na desturi hiyo ya lazima. Kila kocha alisema alichopenda, na wengi walipenda kunyamaza. Wachezaji wao ni wanafunzi, na ipo sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi zisitangazwe ovyo. Kisha, mwezi Mei 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya mwaka 1992 iliyoyazuia majimbo kuhalalisha kamari za michezo. Majimbo mengi yakazihalalisha, na habari ya goti la kijana wa miaka 19 ikawa na bei. Aliye na rafiki ndani ya timu alikuwa na kitu cha kuuza. Ili kupunguza msukumo huo juu ya wanafunzi na watumishi wa timu, shirikisho la vyuo liitwalo Big Ten lilianza mwaka 2023 kudai taarifa saa mbili kabla ya mchezo. Mwaka 2024 Southeastern Conference, kwa kifupi SEC, ikafuata kwa kanuni pana zaidi: taarifa ya kwanza siku tatu kabla ya kila mchezo wa vyama vyake, kusahihishwa kila siku, na ya mwisho dakika 90 kabla ya kuanza. Chuo kikikosa kwa mara ya kwanza katika futiboli hutozwa dola 25,000, na adhabu hupanda hadi dola 100,000.

Msomaji atazame jina walilolichagua wenye taarifa hizo. Hawakuziita za majeruhi. Walichukua neno pana linalosema tu kwamba mchezaji yumo miongoni mwa wanaoweza kutumiwa, au hayumo. Jina la mchezaji huandikwa, hali yake huandikwa, na sababu haiandikwi. Kunyamaza huko kumekusudiwa. Mfasiri anayeandika "majeruhi" anakivunja kimya ambacho wenye mamlaka wamekiweka makusudi, tena anakivunja kwa kukisia.

Tuchukue mfano ulio wazi kwa umma. Mwezi Oktoba 2014 mkimbiza mpira mkuu wa Chuo Kikuu cha Georgia alikuwa Todd Gurley, mmoja wa walio bora nchini. Tarehe 9 ya mwezi huo chuo kilimsimamisha, na baadaye NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikaamua akose michezo minne kwa sababu alikuwa amepokea zaidi ya dola 3,000 kwa kutia sahihi yake kwenye vitu vya mashabiki. Mwili wake ulikuwa mzima. Wakati huo huo wenzake wawili wa nafasi hiyo, Keith Marshall na Sony Michel, walikuwa wameumia. Zamu ikamwangukia kijana wa mwaka wa kwanza, Nick Chubb, ambaye tarehe 11 Oktoba alikimbiza mpira yadi 143 Georgia ikiifunga Missouri 34 kwa 0. Gurley alirudi tarehe 15 Novemba dhidi ya Auburn, na katika mchezo huo huo akakatika kano ya goti. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Oktoba 2015, Chubb naye aliumia goti Georgia ilipocheza na Tennessee, mara ya kwanza aliposhika mpira, na safari hii Michel ndiye aliyeichukua zamu.

Tuseme habari hizo zingefasiriwa kwa rasimu hii. Katika Oktoba 2014 Gurley, Marshall na Michel wote wangewekwa chini ya kichwa kimoja, majeruhi. Kwa wawili ingekuwa kweli. Kwa Gurley ingekuwa uwongo, na uwongo wenye madhara ya pande zote: ungemficha aliyesimamishwa, na siku nyingine ungemtia dosari ya mwili kijana ambaye labda amekwenda tu kumzika bibi yake. Baada ya tarehe 15 Novemba Gurley angebaki katika orodha ile ile, kwa neno lile lile, ingawa hali yake imegeuka kabisa. Istilahi isiyoweza kutofautisha Gurley wa Oktoba na Gurley wa mwisho wa Novemba haistahili jina la istilahi. Tuongeze kwamba tangu tarehe 1 Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kupata fedha kwa jina na sahihi yake. Sababu iliyomtoa Gurley haipo tena. Sababu hubadilika kwa kanuni za watu, na hiyo ni hoja nyingine ya kutoziingiza ndani ya jina la orodha.

Waandishi wa rasimu walihisi tatizo, maana katika mabano wameweka pendekezo jingine: "upatikanaji wa wachezaji". Tunalikataa pia. Upatikanaji ni wa sukari, wa mafuta ya taa na wa mbolea. Unasemwa na ofisa wa biashara akieleza kwa nini bidhaa imeadimika. Mtu akipatikana, kwanza alikuwa amepotea. Na akipatikana na jambo, jambo hilo kwa kawaida ni hatia. Mama atakayeambiwa "mwanao hapatikani" ataanza kupiga simu hospitali.

Katika ngazi za hali ya mchezaji mambo yanazidi kuharibika. SEC ina ngazi tano, kuanzia aliye huru kupangwa hadi asiyecheza kabisa, na katikati zimo tatu za kupanda na kushuka kwa tumaini. Rasimu imezifasiri hivi: "anayepatikana", "mwenye uwezekano", "mwenye mashaka", "mwenye wasiwasi" na "aliye nje". Isome tena orodha hiyo kama mzazi. Mwenye mashaka katika Kiswahili ni mtu aliyefikwa na taabu. Mwenye wasiwasi ni mwoga, au mgonjwa wa moyo usiotulia. Na aliye nje, kwa mtu aliyezoea kusoma habari za mahakamani, yuko nje kwa dhamana. Hakuna hata moja kati ya hizi isemayo kinachosemwa na taarifa, yaani kwamba anayetia shaka ni mtazamaji na kinachotiliwa shaka ni kucheza. Rasimu imeichukua shaka ya mwandishi wa taarifa ikamvika kijana, kana kwamba ni sifa yake.

Chanzo cha kosa ni kung'ang'ania sifa na nomino kwa kuwa Kiingereza kinatumia sifa. Kiswahili huupima uwezekano kwa kitenzi. Tunapendekeza ngazi tano hizi zisomeke: "yumo", "anatarajiwa", "haijulikani", "hatarajiwi", "hayumo". Kila moja yaweza kusimama peke yake mbele ya jina, na kila moja yaweza kurefushwa kuwa sentensi kamili bila kubadili maana: anatarajiwa kucheza, haijulikani kama atacheza, hatarajiwi kucheza. Taarifa yenyewe tunaiita "taarifa ya waliomo na wasiomo".

Tunalitetea "yumo" hasa. Wengine walitaka "yupo" au "atacheza". "Atacheza" ni ahadi ambayo taarifa haiitoi, kwani mtu aweza kuwa huru kupangwa na bado asiingie hata mara moja, kocha akiwa na watatu wanaomzidi. "Yupo" ni kuwapo mahali, na aliyeumia anaweza kuwapo uwanjani na magongo yake. Ile "mo" ya ndani ndiyo itufaayo: yumo katika hesabu ya kocha, au hayumo. Haisemi kwa nini, wala haimtii aibu.

Kulikuwa na mjadala mrefu juu ya "huenda", "labda", "pengine" na "yamkini". Mjumbe mmoja alizipanga kwa nguvu, yamkini juu na labda chini, na mwingine akazipanga kinyume. Mpangilio huo mbele ya wasemaji watatu wa sehemu tatu utapata majibu matatu. Wala Wamarekani wenyewe hawakuyapata maana makali maneno yao kwa sikio tu. Waliyapa kwa amri. Katika NFL ile ngazi ya katikati iliwahi kufafanuliwa kuwa nusu kwa nusu, na mwaka 2016 ligi hiyo ilizifupisha ngazi, ikaiondoa ile ya tumaini kubwa, na kuyafafanua upya yaliyobaki. Kwa hiyo hatuoni haya kusema kwamba "haijulikani" yetu nayo itapata ukali wake kwa kufafanuliwa katika faharasa. Tunaliongoza tu sikio lisianze njia ya upotevu.

Kwa mchezaji ambaye hali yake itaamuliwa dakika za mwisho, rasimu imeweka "uamuzi wa wakati wa mchezo". Uamuzi ni wa mwamuzi, mwenye filimbi. Msomaji atafikiri kuna bao limekataliwa. "Anasubiriwa" yatosha.

Mengine tutayapitia haraka. Mchezaji ambaye hachezeshwi msimu mzima, au tangu kanuni ya mwaka 2018 anachezeshwa michezo isiyozidi minne, ili asipoteze mmoja wa misimu minne anayoruhusiwa, huitwa kwa Kiingereza kwa jina la shati jekundu. Husimuliwa kwamba jina lilitokana na Warren Alfson wa Nebraska, aliyefanya mazoezi mwaka 1937 bila kucheza, akiwa amevaa shati jekundu lisilo na namba. Hadithi ni nzuri. Lakini "jezi nyekundu" kwetu ni Wekundu wa Msimbazi, na nyekundu yoyote nyingine uwanjani ni kadi. Aitwe "aliyewekewa msimu". Na lile "lango la uhamisho", lililoanza Oktoba 2018, katika kweli ni daftari ambamo huandikwa majina ya wanaotaka kuhama chuo. Liitwe daftari. Lango liachiwe golikipa.

Limebaki neno moja ambalo hatukukubaliana. Katika orodha ya zamu makocha wa vyuo hupenda kuandika majina mawili na kati yao kuweka kiunganishi cha hiari, ama kwa kuwa wachezaji wanalingana kweli, ama kwa kuwa kocha hataki mpinzani ajue. Rasimu imekifasiri "au". Nick Chubb au Sony Michel: msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba mmoja atacheza na mwingine atakaa. Lakini katika mchezo wa Rose Bowl wa tarehe 1 Januari 2018 Georgia iliishinda Oklahoma 54 kwa 48 katika muda wa nyongeza wa pili. Chubb alikimbiza yadi 145, Michel yadi 181, na Michel ndiye aliyeufunga mchezo kwa mbio ya yadi 27. Walikuwa "na", hawakuwa "au". Wajumbe wawili wanataka "au" ibaki kwa kuwa ndivyo alivyoandika kocha, hata kama anadanganya. Mmoja anataka mkwaju tu kati ya majina. Mwingine anataka "sawa na", ambayo sisi tunaona inasema zaidi ya alivyotaka kocha. Rasimu inarudi kwa waandishi wake ikiwa na alama ya kuuliza mahali hapo.